Upweke wa Kezilahabi: kwa nini mashairi ya Kichomi hayana mtu wa kuyajibu?

Kitasa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Wale wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza kidato cha tano na sita) mliopitia mikononi mwa Kichomi sogeeni karibu, na ambao hamkusoma fasihi kabisa pia karibuni maana hili jambo si la mtihani.

Iko hivi. Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka 1974, na tangu itoke ugomvi mkubwa umekuwa kwenye umbo, kwamba hayana vina, hayana mizani, sasa haya ni mashairi au ni insha zimekatwakatwa. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walikuwa na sheria zao mkononi, kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha 1954 kilishasema shairi linakuwaje, halafu anatokea kijana wa Namagondo huko Ukerewe anasema mimi naandika kwa lugha watu wanayoongea kila siku. Watu walitoana jasho miaka na miaka. Pembeni kukawa na mjadala wa pili, wa maudhui, kwamba huyu jamaa mbona ana huzuni hivi, mbona kila saa kifo, kukata tamaa, dunia haina maana, kasoma falsafa za Ulaya zimempanda kichwani. Mijadala miwili na kila mmoja una wenyewe.

Mimi naona ni mjadala mmoja tu. Ule upweke unaokupiga ukisoma Kichomi haukuingizwa na falsafa peke yake, umeingia kwa mlango uleule ambao vina vimetokea.

Ngoja nieleze kabla hamjanirukia. Shairi la Kiswahili tangu zamani ni kitu cha kujibiwa. Muyaka bin Haji kule Mombasa alikuwa anatunga akijua watu wa Lamu watarudisha, na kweli walikuwa wanarudisha. Likaja gazeti la Mambo Leo 1923, kikawa kijiwe, mtu wa Tanga anauliza fumbo, wa Tabora anafumbua, tena mara nyingi kwa vina vilevile alivyotumia mwenzake. Hapo ndipo penyewe. Kina cha mwenzako ukikikuta kimekaa pale ni kama amekuachia kiti, unajua pa kukaa. Hata kilio kilikuwa na viti. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina kamlilia kwa shairi lenye mizani kamili, na mtu yeyote aliyewahi kufiwa anaweza kulighani lile shairi likawa lake, akalia naye.

Sasa chukua shairi la Kisu Mkononi mle Kichomi. Mtu kashika kisu, anaangalia nyuma, anaangalia mbele, kote hakuna kitu, miaka inaibwa mmoja mmoja, anaona yeye ni wa kujiviringisha tu kama gurudumu. Mistari mmoja mrefu mwingine mfupi. Utaingilia wapi umjibu? Hakuna pa kushika. Shule tuliambiwa tuandike "dhamira: ugumu wa maisha" tukapata maksi zetu tukaondoka, lakini mtu mwenye maisha magumu anakuambia kodi, anakuambia ada, huyu hata hajasema anadai nini!

Na Dhamiri Yangu ndiyo balaa zaidi. Dhamiri imemfunga shingoni kama mbuzi kwenye mti wa utu, kamba fupi, keshazunguka mpaka kachora duara, majani ya mbali anayaona na hayafiki. Kwenye shairi zima nani mwingine yupo? Mbuzi yeye, aliyemfunga ni dhamiri yake, yaani ni yeye. Hakuna mtu wa pili!

Nawaachia hapo kwanza, nipate chakula nirudi.

Nyegere

Mkuu unazunguka sana. Jamaa alisoma Camus na Sartre, wanafalsafa wa Kifaransa, akavitafsiri kwa hali ya huku kwetu, basi. Kasoma seminari, kasoma Mlimani, baadaye kaenda Wisconsin akachukua udaktari, unategemea aandike nini, mashairi ya harusi? Riwaya yake Kichwamaji imetoka 1974 hiyohiyo, Kazimoto anafika mwisho anajipiga risasi, ni yaleyale. Mambo ya vina mnayatafutia kazi tu. Wangapi wameandika bila vina na hawana upweke wowote, wanasifia mpenzi mwanzo mwisho.

Mvita wa Pili

Asalaam aleykum. Kitasa wallahi umenigusa mahali, na ninashangaa hujamtaja mtu ambaye ndiye shahidi wako mkubwa. Nakuletea mimi.

Abdilatif Abdalla. Mombasa, kijana wa miaka ishirini na mbili, anaandika karatasi ya siasa, Kenya: Twendapi? mwaka 1968 wakati serikali ya Mzee Kenyatta inakibana chama cha upinzani cha KPU, anashikwa, anahukumiwa miaka mitatu. Akawekwa peke yake, chumba cha peke yake, na ndimo alimotungia Sauti ya Dhiki, kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Ilitoka kitabu 1973. Sasa kama kuna mtu ana haki ya kuandika upweke ni huyu, maana upweke wake si wa fikra, ni wa mlango wa chuma. Na kila kitu ndani ya kile kitabu ni bahari (aina za mashairi) za kwetu, vina na mizani, hakulegeza hata kidogo.

Tena tazama Mnazi: Vuta N'kuvute. Mtu yuko jela peke yake, anatunga majibizano ya watu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi, huyu anasema lake huyu anarudisha. Hana wa kuzungumza naye kwa hivyo akawaumba wawili! Na Kuno Kunena anauliza kwani kusema ndiko kulikomfikisha pale, anauliza kwa lafudhi ya Kimvita unayoisikia barazani, yaani ukisoma wahisi nje ya jela kuna watu wamekaa wanasubiri kumaliza beti waseme naam.

Dhiki tele, lakini upweke ule wa Kezilahabi haumo. Mfungwa ana watu, mwalimu wa chuo kikuu hana.

Kitasa

Mvita wa Pili Mungu akulipe, hiyo ya Alii na Badi nilikuwa naijua ila sikuwahi kuiweka upande huu. Mfungwa ana watu mwalimu wa chuo hana, hiyo naichukua.

Nyegere ndugu yangu, sikatai alisoma hao. Mtu aliyeandika tasnifu ya falsafa ya Kiafrika hawezi kukosa kumsoma Sartre. Lakini angalia mfano wako mwenyewe. Kazimoto wa Kichwamaji ana mawazo yaleyale ya Kisu Mkononi, mwandishi mmoja, mwaka mmoja, ila ana mke, Sabina, ana wazazi, ana wakwe, na akijiua anaacha barua. Barua ina wa kuisoma. Kama upweke ungekuwa umeletwa na Camus basi ungekuwa sawasawa kwenye vitabu vyote viwili, na hauko sawa, kwenye shairi umebana zaidi mpaka unakosa hewa.

Halafu kuna kitu cha wakati wake ambacho tukimtaja Camus tunakiruka. Kumbukeni miaka ile ushairi ulikuwa unafanya kazi gani Tanzania. Azimio la Arusha 1967, na washairi wa magazetini kibao wanalisifu kwa vina. Mathias Mnyampala akaendeleza ngonjera, zikatoka vitabu Ngonjera za UKUTA (chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) 1970 na 1971, shule nzima watoto wamepangwa mistari wanajibizana mbele ya mgeni rasmi. Wengine hapa mmeigiza, msijifiche. Na ngonjera inaendaje? Mmoja mjinga mmoja anajua, mjinga anabisha, anabisha, mwisho anakubali, wanamaliza kwa pamoja. Lazima akubali! Sijawahi kuona ngonjera ambayo mjinga karudi nyumbani na ujinga wake.

Kwa hiyo yule mtu wa pili ambaye mimi nasema Kezilahabi hana, miaka ile alikuwepo, tena alikuwepo sana, ila jibu lake lilikuwa limeshaandikwa. Ukitunga kwa vina umeingia kwenye yale mazungumzo na mwisho wake unajulikana. Kisha 1973 na kuendelea watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu, nyumba zinaachwa, na mtu anayetaka kusema sielewi, simbishi mtu ila sielewi hii dunia inakwenda wapi, ataisema wapi? Akiisema kwenye ngonjera yeye ndiye mjinga, ubeti wa mwisho atakubali.

Ndiyo maana akaacha kiti. Na alilipia, maana ukitoka barazani huko nje ni baridi na hakuna wa kukuitikia.

Mama Zuu

Kitasa mwanangu, mimi nafundisha Kiswahili sekondari muda mrefu na hiyo Kichomi nimeifundisha mpaka karatasi zimelegea, pamoja na diwani nyingine, Fungate ya Uhuru, Chungu Tamu, Kimbunga na Mapenzi Bora. Mnawasema walimu kwa "dhamira: ugumu wa maisha" lakini jiulize mwalimu asimame mbele ya watoto wa miaka kumi na nane, bweni moja wamelala wengi, aseme leo tunamsoma mtu anayeshika kisu na sitawaambia kwa nini? Tulikuwa tunawafunika kidogo kwa makusudi na mimi sijutii.

Ila kwa hoja yako nina la kusema. Unamsoma Kezilahabi kama aliandika Kichomi akafa. Soma diwani yake Karibu Ndani, 1988. Kuna shairi linaitwa Mafuriko, humo anasema ataandika wimbo juu ya mbawa za nzi ili nzi akiruka wengi wasikie, ushairi wa jalalani, juu ya vidonda vya wakulima. Huyo si mtu asiyetaka watu! Anawataka sana, ila anawatafuta kule ambako malenga wako hawakwenda, kwenye uchafu. Na angalia hata majina, Kichomi mna shairi linaitwa Fungueni Mlango, kitabu kinachofuata kinaitwa Karibu Ndani. Aliyekuwa anaomba mlango sasa ndiye mwenye nyumba.

Vina havipo kote kuwili. Kwa hiyo vina sivyo.

Nyegere

Mama Zuu umemaliza. Ngoja nione Kitasa anachomokaje hapo 😂

Mvita wa Pili

Na mimi nizidi kumtia Kitasa matatani ingawa niko upande wake.

Alamin Mazrui. Mtu wa pwani, ukoo wa elimu, vina kazaliwa navyo kavikuta nyumbani. Serikali ya Moi ikamtia kizuizini 1982 bila kesi. Akatoka na Chembe cha Moyo, kitabu kikachapwa 1988. Jela kama Abdilatif, nchi hiyohiyo, na mashairi yake mengi hayafuati arudhi (kanuni za vina na mizani), ni huru. Kwa nini huyu naye hakuumba Alii na Badi wake?

Na Ebrahim Hussein je, Mswahili wa Lindi kabisa, hakuna wa kumwambia hujui Kiswahili cha pwani. Shairi lake Ngoma na Vailini limetangulia Kichomi kwa miaka, mwisho wa miaka ya sitini, na ni shairi huru. Mtu kasimama, huku ngoma inamvuta huku vailini inamvuta. Kwa hivyo ile kauli ya wazee wetu kwamba guni (shairi lisilo na vina na mizani) ni maradhi ya watu wa bara wasiojua kuhesabu mizani, mie siikubali na ni Mswahili wa Mvita nasema.

Na kama ni maswali ya kuwepo na kutokuwepo, yalianza zamani. Utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, miaka mia mbili nyuma. Pate, kule visiwa vya Lamu, ilivyokuwa mji wa dhahabu na taa, leo majumba yamebaki popo na buibui, mabwana wako ndani ya mchanga. Anaukabili moyo wake mwenyewe anauambia, moyo wangu huoni? Ukiisoma usiku hulali.

Kitasa

Jamani mmenizunguka kweli, Mama shikamoo kwanza.

Nianze na Al-Inkishafi kwa sababu ndiyo inayonipa nguvu. Sayyid Abdallah yuko peke yake, magofu tupu, na bado kapata wa kuongea naye, moyo. Anauambia, anaukaripia, anauogopesha kwa moto wa Jahannamu. Inawezekana kwa sababu wote wawili, yeye na moyo, wako chini ya mtu wa tatu ambaye ni Mungu, kwa hiyo kuna kesi na kuna hakimu. Kezilahabi kwenye Dhamiri Yangu ana kesi ileile, mtu na nafsi yake, ila hakimu hayupo. Mseminari huyo, anajua vizuri kabisa alichokiondoa pale. Kinachobaki ni kamba na duara.

Mama Zuu, Mafuriko nalipenda kuliko yote ya kile kitabu. Lakini nisome na mimi kidogo: anaandika juu ya mbawa za nzi. Nzi anaruka, watu wanasikia mlio, nani atamrudishia nzi shairi? Wasikilizaji kawapata, wajibuji bado. Mtu anaweza kuwa na umati mkubwa tu unaomsikia na akabaki mpweke, waulizeni wanamuziki. Hata hivyo nakubaliana na wewe kwamba mwaka 1988 yuko mahali pengine, hasira imeingia, na hasira angalau inaelekezwa kwa mtu. Kichomi haina pa kuielekeza. Kwa hiyo tukiweka Karibu Ndani hapo tunaweza kusema upweke ulipungua alipopata adui, na hilo sijui mnalionaje.

Ebrahim Hussein hanisumbui. Yeye ni mtu wa tamthilia, Kinjeketile ni 1969, sauti za watu wengi ndiyo kazi yake, na hata Ngoma na Vailini ni vitu viwili vinazungumza ndani ya mtu mmoja. Kabaki na majibizano, kaacha mizani tu.

Alamin ndiye ananisumbua. Hapo sijapata pa kupita. Naweza kusema 1982 si 1969, kwamba Abdilatif alikuwa bado anaamini kuna baraza nje linamsubiri na miaka kumi na tatu baadaye lile baraza limeshavunjwa au limeshanunuliwa, watu wamezoea kunyamaza. Lakini hilo ni la kubuni, sijalisoma kwenye mashairi yenyewe, na sitaki kumlazimisha mtu aingie kwenye hoja yangu. Mvita ukipata muda tuyachambue shairi kwa shairi.

Bajaji Nne

Mimi sio wa fasihi ila nimesoma uzi wote nikiwa kijiweni nasubiri abiria. Swali langu, huyo mzee kwa nini watu hawakumjibu kwa shairi? Si mngemjibu tu hata kama hana vina. Fungate ya Uhuru nilisoma, Kichomi nilisoma, sikuwahi kusikia mtu kasema huyu hapa kamjibu Kisu Mkononi.

Mama Zuu

Bajaji Nne wamejibu sana ila walijibu umbo lake. Waliandika makala, wakatunga mashairi ya kubeza guni. Kisu chenyewe sikumbuki darasani kwangu kuletwa shairi la kukijibu.

Mzee wa Safu

Vijana, mimi nimetuma mashairi magazetini tangu Uhuru na Mzalendo zikiwa na ukurasa mzuri wa mashairi, na nilikuwa katika wale waliosema Kichomi si ushairi. Na bado nasema. Lakini huyu dereva kauliza vizuri. Marehemu ametutoka Januari 2020 hatanisikia, hata hivyo ada ya malenga ni kujibu, nami namjibu, beti mbili hizi kwa Kisu na kwa Mbuzi.

Mwenye kisu nimefika, naomba kukuuliza
Miaka ikiibika, mwizi wake ni wa kiza?
Kwa nini hukutamka, sote tukamkimbiza?
Kisu weka nakutaka, jibu lako sitabeza

Mbuzi wewe wasikika, malisho ukiyawaza
Duara ukizunguka, na kamba ukaikaza
Huyo aliyekuweka, mbona hukumuuliza?
Kisu weka nakutaka, jibu lako sitabeza

Bajaji Nne

Mzee shikamoo!!! 🙌🙌

Mvita wa Pili

Naam! Naam! Mizani imetimia, na "sote tukamkimbiza" hapo mzee umemtia barazani kwa nguvu.

Kitasa

Mzee wa Safu shikamoo, na nakushukuru kwa moyo wote, beti zimenyooka na sidhani kama kuna heshima kubwa zaidi ungempa marehemu.

Ila naomba nibishe kwa adabu kama mjukuu. Ubeti wa kwanza unamwambia angepiga yowe tungemkimbiza mwizi. Mzee, ile miaka inaibwa na nani? Kwenye shairi lake mwizi hatajwi, imesemwa tu inaibwa. Wewe umemtafutia mwizi kwa sababu umbo lako linadai awepo, haiwezekani baraza likae bila mshtakiwa. Na ubeti wa pili unauliza mbona hukumuuliza aliyekufunga, wakati aliyemfunga ni dhamiri yake, na kumuuliza ndicho anachofanya shairi zima, anauliza, anajisikia mwenyewe, anazunguka tena.

Kwa hiyo umemjibu mtu, na umemjibu vizuri, ila naona umemjibu mtu mwingine aliye karibu naye. Kama una ubeti wa tatu unaoweza kumwambia neno bila kumtafutia mwizi, lete mzee, nipo hapa mpaka usiku.

Mzee wa Safu

Ubeti wa tatu upo. Ila huo wa kwako wewe kwanza uko wapi, unaongea kwa insha tu tangu jioni. Tunga, nami nitajibu.